Maswali na Majibu: Kifaranga Anapokosa Uzito

Katika toleo lililopita tulitaja, kwa sentensi mbili tu, kwamba kifaranga wa kware aliwahi kuanguliwa akiwa angani. Barua zilizofuata, nyingi zikiwa za wasomaji wa Moshi na Arusha, zimetulazimu kulirudia jambo hilo kwa kirefu. Tumechagua barua nne.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Moshi. Uliandika kwamba kifaranga wa kware alianguliwa angani mwaka 1990 lakini hakuishi muda mrefu. Naomba utueleze kilichomshinda hasa ni nini. Je, yai lilikuwa na kasoro, viungo vyake vya ndani havikukamilika, au mifupa yake ilikuwa dhaifu? Na je, kuku naye amewahi kujaribiwa?*
Mwanafunzi, Moshi

Marahaba, mwanangu. Swali lako lina maswali mawili ndani yake, na yafaa yatenganishwe, kwa sababu kinachokiua kiinitete, yaani kifaranga anayeanza kuumbika ndani ya yai, si kile kinachomshinda kifaranga akishatoka.

Nianze na yai la kuku, ambalo limejaribiwa zaidi ya mara moja. Mwezi Machi 1989 chombo cha Marekani kiitwacho Discovery kilipaa kikiwa na mayai 32 ya kuku yaliyorutubishwa. Jaribio hilo lilibuniwa na John Vellinger tangu akiwa mwanafunzi, na lilikuwa limepakiwa kwanza katika Challenger, chombo kilichosambaratika muda mfupi baada ya kuruka mwezi Januari 1986, wakafa wanaanga wote saba. Kati ya mayai 32 ya Discovery, nusu yalikuwa yameatamiwa siku 2 kabla ya safari na nusu nyingine siku 9. Safari ilichukua siku 5. Viinitete vya siku 9 vilirudi vikiwa hai, na mayai yaliyoachwa yaendelee kuatamiwa yakaangua vifaranga. Vile vya siku 2 havikupona hata kimoja.

Mwezi Septemba 1992 Wajapani walifanya jaribio linalofanana na hilo katika chombo cha Endeavour, kwenye safari ya mwanaanga wao Mamoru Mohri, ambayo pia ndiyo iliyompeleka Mae Jemison, mwanamke Mweusi wa kwanza kufika angani. Safari hii mayai yaligawanywa katika makundi matatu: ambayo hayajaatamiwa hata kidogo, ya siku 7 na ya siku 10. Makundi mawili ya mwisho yalistahimili, ilhali lile la kwanza lilikufa karibu lote. Majaribio mawili ya nchi mbili tofauti, yaliyopishana miaka mitatu, yakatoa jibu lile lile: yai changa hufa, yai lililokomaa kidogo hupona.

Sababu yake unaweza kuianza mwenyewe jikoni. Vunja yai la kuku wa kienyeji anayepandwa na jogoo, ulimimine katika sahani, utaona doa jeupe juu ya kiini. Hapo ndipo kifaranga anapoanzia. Kiini ni chepesi kuliko ute, kwa hiyo yai likilala huku chini duniani, kiini hupanda polepole, na lile doa huwa upande wa juu kabisa, karibu na ngozi nyembamba iliyo chini ya ganda. Ukaribu huo si wa bure. Yai hupumua kupitia vitundu vidogo vya ganda, na kiinitete kichanga kinahitaji kulifikia ganda ili mishipa yake ya damu ipate hewa. Angani hakuna chepesi wala kizito, hakuna kinachopanda wala kinachozama. Kiini hubaki kimeelea katikati ya ute, na kiinitete hubaki mbali na hewa yake. Kufikia siku ya saba na kuendelea, kiinitete huwa kimeshaanza kujitengenezea utando wake wenyewe, wenye mishipa mingi, ambao huenea chini ya ganda na kufanya kazi ya mapafu. Aliyekwisha kuujenga utando huo kabla ya kuondoka duniani hana tena shida ya kiini kupanda.

Kuna jambo jingine ambalo huniduwaza kila ninapolifikiria. Yai kabla halijatagwa hukaa saa 20 hivi katika sehemu ya kizazi cha kuku inayotengeneza ganda, na muda huo wote huzungushwa taratibu. Mzunguko huo hulilaza lile doa upande, na upande wake unaobaki juu ndio utakaokuwa mkia wa kifaranga, wa chini kichwa. Maana yake ni kwamba uvutano wa dunia huwa umeshamwonyesha ndege mbele na nyuma yake kabla mfugaji hajaliokota yai kiotani. Mayai yote ninayoyaeleza hapa yalitagwa duniani, kwa hiyo yalipanda angani yakiwa na somo hilo la kwanza tayari.

Sasa tumfuate kifaranga. Wasovieti waliwachagua kware kwa sababu ni wadogo, na mayai yao huanguliwa kwa siku 17 hivi badala ya 21 za kuku. Walipeleka mayai ya kware mwaka 1979 katika setilaiti iitwayo Cosmos 1129, kisha wakatengeneza mashine ya kutotolea kwa ajili ya kituo chao cha anga kiitwacho Mir. Mashine hiyo ililazimika kusukuma hewa kwa feni, maana angani hewa ya moto haipandi. Bila feni, joto na hewa chafu vingelizunguka yai bila kuondoka. Tarehe 22 Machi 1990, Anatoly Solovyov na Aleksandr Balandin wakiwa kituoni humo, kifaranga wa kwanza alipasua ganda.

Ukiuliza kama viungo vyake vya ndani vilikamilika, jibu ni kwamba viliweza kumfikisha hadi kuanguliwa. Moyo ulipiga, mapafu yalianza kuvuta hewa, shingo ilipata nguvu ya kutosha kulivunja ganda. Ramani ya mwili, kwa maneno mengine, iliweza kufuatwa hadi mwisho pasipo uzito. Kilichomshinda ni yale yanayoanza dakika chache baada ya kutoka. Kifaranga wa kware huku kwetu akikauka malaika husimama, hutembea, na kudonoa. Yule wa Mir hakupata pa kusimama. Miguu ilisukuma na hapakuwa na kilichoirudisha chini. Mwili ulijizungusha, chakula kilielea, na kifaranga hakuweza kujilisha bila mkono wa mtu. Ndani ya sikio la ndege kuna chembe ndogo za chokaa zinazolalia vinyweleo vya neva, na uzito wa chembe hizo ndio unaouambia ubongo ipi ni chini na ipi ni juu. Kwa kifaranga huyo chembe zilikuwapo lakini hazikulemea upande wowote. Alikuwa na chombo kizima cha kumwelekeza kisichokuwa na la kumwambia.

Hata hivyo sitaki ubaki na picha kwamba kila kitu ndani ya mayai ya angani kilikwenda sawa. Mwaka 1996 Mmarekani Shannon Lucid, aliyeishi Mir kwa miezi sita hivi, aliyahifadhi mayai ya kware kwa dawa siku baada ya siku ili yachunguzwe duniani. Asilimia 13 ya viinitete vilikuwa na kasoro za umbo, mara nne ya vile vilivyobaki chini. Lakini mashine ya kule ilikuwa na joto la juu kidogo, na mionzi ya angani ni mingi kuliko ya huku, kwa hiyo kukosa uzito hakuwezi kubebeshwa lawama yote. Ndiyo sababu mwezi Desemba 2001 Wamarekani walipeleka mayai ya kware katika kisanduku chenye vibebeo viwili, kimoja kikizungushwa kwa kasi ili mayai yake yahisi uzito kama wa duniani, kingine kikiachwa bila uzito. Yote yalipata mionzi ile ile na safari ile ile, na tofauti kubwa iliyobaki ilikuwa uzito. Ukija kufanya utafiti wako siku moja, anza na swali hilo: nimetenganisha nini na nini?

*Mwalimu, mimi ni mkulima wa kahawa na mfugaji mdogo, Marangu. Je, uzito hupungua kwa sababu ya kwenda juu? Kama ni hivyo, kuku wa huku mlimani wana uzito pungufu kuliko wa Moshi mjini?*
Mzee wa Marangu

Shikamoo mzee wangu. Kimo peke yake hakiondoi uzito wa kuonekana. Hata pale kileleni Kibo, mita 5,895, mizani isingepungua ila chini ya sehemu moja katika mia. Kituo cha anga cha sasa huzunguka kimo cha kilomita 400 hivi, umbali ambao ni mfupi kuliko safari ya basi kutoka Arusha hadi Dar es Salaam, na huko uvutano wa dunia bado una nguvu karibu asilimia 90 ya ile tunayoihisi hapa. Kinachouondoa uzito ni kuanguka. Kituo na kila kilichomo vinaanguka pamoja kuizunguka dunia bila kuigusa, kwa hiyo hakuna kinachomlalia mwenzake. Chukua chupa ya plastiki, itoboe chini, ijaze maji na uyaone yakichuruzika. Kisha iachie kutoka juu ya ghorofa au mti. Kwa muda wote inapoanguka maji hayatoki tunduni, kwa sababu yanaanguka sawasawa na chupa.

*Habari za kazi Mwalimu. Nafuga kuku chotara hapa Ngaramtoni. Nina vifaranga 200 wa wiki tatu, na zaidi ya kumi wameanza kulemaa: wengine miguu imeachana, wengine wanakalia magoti. Chakula nanunua kizuri, bei yake naijua. Mwanangu amesoma kwako habari za kware wa angani akaniambia, "Mama, hawa wetu wamekosa uzito." Tumecheka, lakini nimebaki nawaza. Je, mifupa ya wale ndege ina la kunisaidia?*
Mama Mfugaji, Ngaramtoni

Dada yangu, pole kwa vifaranga, na umpongeze mtoto, kwa maana hajakosea sana.

Mfupa wa ndege mchanga haumwagwi kama zege likakauka. Huanza kama gegedu laini, kisha chembe hai huipandikiza kalisi na fosforasi kidogo kidogo, wakati chembe nyingine zinabomoa sehemu za zamani, na kazi hizo mbili huendelea maisha yote. Swali ni nani anayewaelekeza wajenzi waongeze wapi na wabomoaji wapunguze wapi, na jibu ni mzigo. Pale mfupa unapokandamizwa na kuvutwa ndipo unapoongezwa. Pale usipotumika hubomolewa. Wanaanga, watu wazima wenye afya wanaokula kwa kipimo, hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya madini ya mifupa ya nyonga kila mwezi wakiwa angani wasipofanya mazoezi ya kutosha. Chakula wanacho, kalisi ipo, ila mguu haubebi kitu.

Kwa kifaranga habari ina pande mbili. Akiwa bado ndani ya yai, mifupa yake haikuonekana kudhurika: Wajapani walipoikagua mifupa ya viinitete vya siku 7 na siku 10 vilivyorudi na Endeavour, hawakukuta tofauti kubwa na vya duniani. Mimi nadhani sababu ni kwamba ndani ya yai kiinitete huelea hata hapa kwetu, na mzigo wake hautoki ardhini bali katika misuli yake mwenyewe inayorukaruka. Watafiti waliowahi kuvipooza viinitete vya kuku kwa dawa, visiweze kujitikisa, walikuta viungio vya miguu vimeshindwa kuumbika vizuri. Tena kalisi yenyewe haina haja ya kusafirishwa kutoka mbali: sehemu nne kati ya tano za kalisi iliyo mwilini mwa kifaranga anayeanguliwa imechotwa katika ganda la yai, ndiyo maana ganda huwa dhaifu siku za mwisho.

Akishaanguliwa, mambo hubadilika. Watafiti wa Slovakia, ambao walishirikiana na Warusi katika kazi ya kware wa Mir hata mwanaanga wa nchi yao, Ivan Bella, akafanya kazi na vifaranga kituoni humo mwezi Februari 1999, wamewahi kuwaning'iniza kware wachanga duniani ili miguu yao isiguse sakafu. Kware hao hula, lakini hubaki nyuma kwa ukuaji ukiwalinganisha na wanaotembea. Upande wa pili, katika Chuo Kikuu cha California kule Davis, kwa miaka mingi kuku walifugwa ndani ya mashine kubwa zinazozunguka ili wahisi uzito mara mbili na zaidi ya ule wa kawaida, na waliostahimili walikuwa na mafuta machache na misuli ya miguu yenye nguvu zaidi. Kwa hiyo kukosa mzigo na kuzidishiwa mzigo vyote huandikwa katika mwili wa ndege, na mahali pa kwanza pa kusoma ni miguuni.

Sasa twende bandani kwako. Hukunieleza vifaranga wamelelewa juu ya nini, lakini miguu inayoachana kuelekea pembeni mara nyingi huanzia katika siku chache za mwanzo, kifaranga anaposimama juu ya kitu kinachoteleza: gazeti, nailoni, sakafu ya saruji iliyolainishwa. Kila anapokanyaga, mguu humkimbia, na mzigo ambao ungepaswa kushuka wima juu ya mfupa hushuka upande. Uzito anao, lakini haumfikii mahali unapotakiwa. Mimi mwenyewe niliwahi kutandika magazeti katika boksi la vifaranga 30 wakati wa baridi ya Julai, nikidhani nimewatunza vyema, na watano kati yao hawakusimama tena sawasawa; bado inaniuma. Tandika maranda ya mbao yasiyo vumbi sana, unene wa vidole vitatu au vinne. Wale ambao miguu imeachana tangu wakiwa wadogo sana husaidika kwa kufungwa miguu yote miwili pamoja kwa utepe laini wenye nafasi ya hatua fupi, kwa siku chache. Wa wiki tatu, nasikitika kusema, huwa wamechelewa.

Wanaokalia magoti ni habari nyingine, na hapo usikimbilie kusema sababu ni moja. Matege ya kuku hutokana na upungufu wa kalisi, wa fosforasi, au wa vitamini D, na pia hutokea pale chokaa inapozidishwa hadi ikaharibu uwiano wake na fosforasi, jambo ambalo wafugaji wengi hulifanya kwa nia njema. Vitamini D ambayo kuku huitumia vizuri ni ile inayotengenezwa katika ngozi kwa nguvu ya jua au inayowekwa katika chakula chenye virutubisho. Huku Ngaramtoni, mwezi Juni na Julai, mawingu ya Meru hayainuki hadi mchana, na mfugaji mwenye huruma huwafungia vifaranga ndani karibu na jiko la mkaa mwezi mzima. Jua likitoka, wape. Vidole vya miguu vikijikunja kwa ndani kama ngumi, fikiria upungufu wa vitamini B2. Na kama mguu mmoja unakwenda mbele na mwingine nyuma, huo unaweza kuwa ugonjwa wa Mareki, ambao hauna tiba na huzuiwa kwa chanjo ya siku ya kwanza tu. Mwite afisa mifugo wa kata awaone kwa macho kabla hujanunua dawa yoyote.

Naomba pia upime banda. Vifaranga 200 wa wiki tatu waliobanana hawatembei, hukaa pale walipo wakasubiri chakula kiwafikie. Sogeza vyombo vya maji mbali kidogo na vya chakula ili watembee, weka vijiti vifupi vya kutulia, waache warukeruke. Nasema hivi nikiwaza pia mbele, watakapoanza kutaga. Ganda moja lina kalisi gramu 2 hivi, na kuku asipopata ya kutosha chakulani huichota katika mifupa yake mwenyewe. Kuku wa mayai anayefungiwa maisha yake yote katika kitundu cha waya asipoweza kutembea wala kupiga mabawa, hufika mahali mifupa yake ikavunjika wakati wa kukamatwa tu. Kuku huyo hajawahi kutoka Ngaramtoni, na mifupa yake imepata yale yale yanayompata mwanaanga.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi nipo darasa la tano. Kuku akinywa maji huinua kichwa. Je, angani angekunywaje?*
Mwanafunzi wa darasa la tano, Arusha

Marahaba, mjukuu wangu. Umeangalia vizuri. Kuku huchota maji kwa mdomo, halafu huinua kichwa ili maji yashuke yenyewe kooni, kwa sababu hana namna nzuri ya kuyavuta. Angani maji yasingeshuka. Yangeng'ang'ania mdomoni kama tone kubwa, hata angeinua kichwa mara ngapi, na ingebidi mtu amnyweshe kwa bomba dogo lisukumalo maji hadi kooni. Njiwa ni tofauti. Mwangalie njiwa akinywa pale penye dimbwi baada ya mvua: hutumbukiza mdomo, hufyonza mfululizo, wala hainui kichwa mpaka amalize.